Jalada Haliwezi Kumwita Kila Mtu

Swali la msomaji: "Mimi ni mhariri wa jarida la chama cha wafugaji wa nyuki, linalotoka kila baada ya miezi mitatu. Makala zetu ni nzuri, hata wataalamu wanazisifu. Lakini tukiliweka mezani pamoja na majarida mengine, watu wanalipita. Jalada la toleo lililopita lilikuwa na picha ya viongozi wetu 11 kwenye mkutano mkuu, vichwa vya habari tisa, na jina la jarida kwa herufi za mapambo zenye rangi za upinde wa mvua. Majarida makubwa yanatumia mbinu gani kumvuta msomaji kwa jalada? Na sisi tunakosea wapi?"

Umesema watu "wanalipita". Nianzie hapo, maana neno hilo moja linaeleza kazi yote ya jalada. Mtu anayepita mbele ya meza ya majarida hasomi. Anatupa jicho tu, akili ikiwa kwenye mambo yake. Katika kitambo hicho kifupi jalada lina swali moja la kujibu: hili ni langu, au ni la wengine? Akiona ni lake, mkono unanyooka. Kusoma kunakuja baadaye kabisa.

Kosa lenu kubwa basi limetangulia rangi na herufi, ingawa huko nitafika. Jalada lenu linazungumza na watu 11 walio kwenye picha. Wao watalichukua, na jamaa zao watalichukua. Mfugaji aliyeamka alfajiri kwenda kukagua mizinga yake haoni kilichomhusu pale. Na huyo ndiye mliyemwandikia makala zote zile.

Picha ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda. Majarida mengi huweka mtu mmoja, uso umejaa, macho yakitazama moja kwa moja kwenye kamera. Hii si mazoea tu. Sisi binadamu tuna wepesi wa ajabu wa kutambua nyuso. Hata kichanga hugeukia umbo la uso kabla ya vitu vingine. Macho yanayokutazama nayo hayapuuziki: unahisi umeitwa, hata kama ni wino juu ya karatasi. Ndiyo maana wasanifu wengi huhangaika kuyaweka macho sehemu ya juu ya ukurasa, mahali ambapo jicho la mpita njia hutua kwanza.

Sasa chukua rula. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Wapange watu 11 katika safu moja, na kila mmoja anapata chini ya sentimita mbili. Uso wake unakuwa na ukubwa wa ukucha. Kwa hatua tatu tu hakuna uso tena, kuna madoa. Mpita njia anaona "kundi la watu waliosimama", na picha ya namna hiyo ameiona mara elfu.

Namna mtu anavyotazama pia inachagua msomaji. Majarida ya urembo na maisha ya kinamama hupenda macho ya mbele na tabasamu jepesi, kama rafiki anayekuambia kwamba nawe unaweza kufika hapo alipo. Majarida ya michezo huweka taya zilizokazwa, au mwili ukiwa hewani. Ya muziki mara nyingi humwacha msanii atazame pembeni, ili abaki na siri yake. Na mtu akitazama pembeni, nasi tunatazama huko huko. Msanifu mjanja huweka kichwa kikuu cha habari upande ambao macho yanaelekea, na msomaji hufika pale bila kujua kwamba ameongozwa.

Si lazima uso uwe mzima. Tazama jalada la Vogue la Januari 1950, picha iliyopigwa na Erwin Blumenfeld. Alianza na picha ya kawaida ya mwanamitindo, kisha akaondoa karibu kila kitu. Pua haipo, shavu halipo, jicho la pili halipo. Kumebaki jicho moja lililopakwa wanja, unyusi wake, midomo myekundu na kidoa kidogo cheusi. Kwingine kote ni weupe. Lakini ukilitazama unaona uso mzima, kwa sababu akili yako inaumalizia yenyewe. Waliolinunua Vogue walikuwa watu wa mitindo na vipodozi. Jicho na midomo viliwatosha kabisa. Jalada lile liliwaheshimu kwa kutowaeleza walichokuwa wanakijua. Nalipenda kwa sababu hiyo kuliko kwa uzuri wake.

Kuna jingine ninalolirudia kila nikifundisha, la Esquire, jarida la wanaume la Marekani, Aprili 1968. Mwaka uliotangulia, Muhammad Ali alikuwa amenyang'anywa ubingwa wa ngumi za uzito wa juu baada ya kukataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Msanifu George Lois alimsimamisha mbele ya ukuta mweupe mtupu, mikono nyuma, amevaa bukta na viatu vya ulingoni, mwili umechomwa mishale, kichwa kimeinuliwa kwa maumivu. Ni mkao wa Mtakatifu Sebastiano, shahidi wa Kikristo ambaye wachoraji wa Ulaya wamemchora kwa karne nyingi. Maneno ni machache na madogo. Aliyemjua Sebastiano alipata maana ya pili; asiyemjua aliona mtu mwenye nguvu anayeumizwa akiwa amesimama, na hilo lilitosha. Picha moja, wazo moja. Angewekwa Ali, hakimu, ofisa wa jeshi na waandamanaji pamoja, wazo lingekufa.

Tuje kwenye jina. Jina la jarida ni kama sura ya ndugu yako: unamtambua katikati ya watu kwa sababu habadiliki. National Geographic limekuwa na fremu ya manjano tangu mwaka 1910, na TIME lilianza kutumia fremu nyekundu mwaka 1927. Leo ukimwonyesha mtu fremu ile ya manjano bila neno lolote ndani yake, atakutajia jarida. Na kwa kuwa TIME lilishikilia wekundu ule kwa miongo mingi, siku lilipouacha kulikuwa na uzito: baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, fremu ilikuwa nyeusi. Rangi peke yake ilitangaza msiba kabla ya msomaji kufikia neno la kwanza. Uwezo huo hawaupati wanaobadilisha sura kila toleo.

Umewahi kuona kichwa cha mtu kimefunika nusu ya jina la jarida? Wahariri wachanga huiga jambo hilo kwa sababu linapendeza. Jarida linaloweza kulifanya ni lile ambalo wasomaji wanalitambua hata herufi mbili zikifichwa. Ninyi bado. Acheni jina lenu lionekane lote, mahali pale pale, ukubwa ule ule, kwa miaka.

Na herufi za mapambo muziache. Herufi zina sauti, na msomaji huisikia kabla ya kusoma neno. Vogue na Harper's Bazaar zimejulikana kwa herufi za ukoo wa Didot, zilizochongwa Paris mwishoni mwa karne ya 18: mstari mmoja mnene, unaofuata ni mwembamba kama uzi. Tofauti hiyo ya unene na wembamba ina ulimbwende ndani yake, inakaa kama kitambaa kinachoning'inia. Weka herufi hizo hizo kwenye jarida la mpira na zitaonekana zimepotea njia. Magazeti ya mastaa na michezo hutumia herufi nene, zilizonyooka, mara nyingi zote kubwa, kwa sababu sauti yake ni ya mtu anayetangaza habari kwenye kelele. Ninyi mnazungumza na watu wa kazi ya mikono. Ningechagua herufi nene kiasi, za wazi, zisizo na madaha, ambazo mzee mwenye macho yaliyochoka anazisoma bila miwani. Aina mbili za herufi kwa jalada zima zinatosha, moja ya jina na moja ya maneno mengine.

Sasa vichwa vya habari. Tisa ni vingi, lakini nisikudanganye kwamba wingi ni kosa kila mara. Yapo majarida yanayoishi kwa msongamano. Magazeti ya mastaa hujaza jalada kwa makusudi: picha ndani ya picha, mishale, maduara, alama za mshangao. Kwa msomaji wao msongamano ule unamaanisha wingi, yaani kwa pesa yangu nitapata mengi. Majarida ya anasa, usanifu wa majengo au sanaa hufanya kinyume. Huacha nafasi tupu, kitu kimoja katikati, neno moja pembeni, na utupu ule unasema kwamba hawana haja ya kumbembeleza mtu. Nafasi ni ghali, na anayeiacha wazi anaonyesha kwamba anaimudu. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu vichwa, jiulize msomaji wako anaheshimu nini, wingi au utulivu. Nadhani mfugaji wa nyuki anaheshimu utulivu. Kazi yake yenyewe inamfundisha asifanye mambo kwa papara.

Kuhusu maneno yenyewe, jifunze kutoka Cosmopolitan. Helen Gurley Brown alipochukua uhariri wake mwaka 1965, alilibadilisha kuwa jarida la mwanamke kijana anayejitegemea, na jalada likawa linamwambia "wewe". Kwa miaka mingi vichwa vya jalada viliandikwa na mumewe, David Brown, mtayarishaji wa filamu. Hakuwa msomaji waliyemlenga, lakini alijua kuandika sentensi inayomfanya mtu ashindwe kuondoka bila kujua mwisho wake. Kichwa cha jalada ni ahadi. Kinamwambia msomaji atakachobeba akitoka humu.

Wengi wetu huandika kichwa cha jalada kama jina la semina. Tuseme mna makala kuhusu makundi yanayohama mizinga. Nina hakika kichwa kingekuwa kitu kama "Umuhimu wa Usimamizi Bora wa Makundi ya Nyuki Wakati wa Ukame". Maneno kumi na moja, na hakuna hata moja linalomgusa mtu. Mfugaji hasemi hivyo. Anasema nyuki wangu wamehama. Basi andika: "Nyuki wako wanahama? Wazuie." Na kwenye makala ya vifaa, "Makosa 5 ya kufukiza moshi" itawashika watu zaidi ya "Matumizi Sahihi ya Vifaa vya Kufukizia". Tarakimu husaidia kwa sababu inaonyesha mwisho: msomaji anajua ni mambo matano, hayatamla siku nzima. Ila msiifanye kila toleo, ikizoeleka haishiki tena.

Chagua kimoja kiwe kikubwa kuliko vingine kwa wazi kabisa. Kikuu kikiwa kimezidi kidogo tu, jicho halijui lianzie wapi, na jicho lisilojua pa kuanzia huondoka. Vingine viwili au vitatu viwe vidogo, na vyote vikae upande mmoja.

Upande upi? Inategemea majarida yanavyopangwa. Pale yanapolaliana kwa ubavu rafuni, sehemu inayobaki wazi mara nyingi ni theluthi ya kushoto, ndiyo maana majarida mengi hurundika maneno muhimu huko. Yakipangwa ngazi kwa ngazi, kinachoonekana ni sehemu ya juu, na jina pamoja na kichwa kimoja lazima vikae hapo. Nenda kwenye meza yenu ukaangalie kabla hujamwita msanifu. Siku hizi kuna na simu: jalada linaonekana kwanza likiwa dogo kama stempu, na kila kichwa kidogo hugeuka vumbi. Kinachosalia ni umbo moja, jina na rangi.

Niseme pia kuhusu kuweka maneno juu ya picha, maana niliwahi kuumia hapo. Nilisanifu jalada la jarida la walimu, picha ya mwalimu mbele ya ubao, mkono umeinuliwa na chaki. Nikakosa nafasi, nikabandika kichwa cha habari juu ya mkono ule. Kilisomeka vizuri. Jarida lilipotoka kiwandani ndipo nikaona nilichokifanya: mkono wenye chaki ndio uliokuwa habari yenyewe, nami nilikuwa nimeuziba. Pamebaki mtu aliyesimama tu mbele ya ubao. Tangu hapo humwambia mpiga picha mapema aache nafasi tupu juu na kushoto, na hukagua kwanza kitu kipi kwenye picha hakipaswi kuguswa. Mara nyingi ni macho na mikono.

Rangi nitaipitia kwa haraka, kwa sababu watu huibishania kuliko inavyostahili. Kinachoonekana kwa mbali ni tofauti ya weusi na weupe, rangi hufuata. Chapisha jalada lenu bila rangi, kijivu tupu. Kama jina limezama kwenye picha, rangi haitaliokoa. Kisha chagua rangi mbili, tatu zikizidi sana, na moja uichukue kutoka ndani ya picha yenyewe ili maneno na picha vionekane vya nyumba moja. Upinde wa mvua hauna cha kusisitiza, kwa sababu kila rangi inapiga kelele sawa na mwenzake. Na nyuki mwenyewe amekwishawasaidia: manjano na nyeusi ni miongoni mwa jozi zinazosomeka mbali zaidi, ndiyo maana nchi nyingi huzitumia kwenye alama za tahadhari.

Kuna jambo moja sitalipita haraka, nalo ni uaminifu. Kompyuta inaweza kukupa picha yoyote unayoitaka. Februari 1982, National Geographic lilikuwa na picha ya mapana ya piramidi za Giza, na jalada lake ni la wima. Wakasogeza piramidi kwa kompyuta zikae karibu zaidi, ili zienee. Kwa msanifu yalikuwa marekebisho madogo. Kwa msomaji aliyeliamini jarida lile kwa sababu ya ukweli wa picha zake, yalikuwa kitu kingine, na lawama zilifuata. Juni 1994 mambo yalikuwa mazito zaidi. TIME na Newsweek yalitoka wiki moja na picha ile ile ya polisi ya O. J. Simpson, nyota mweusi wa zamani wa mpira wa Kimarekani aliyekuwa ameshtakiwa kwa mauaji. Newsweek waliiacha ilivyo. TIME waliitia giza, ngozi ikawa nyeusi zaidi na sura ikaonekana ya kutisha. Majarida mawili yalipokaa bega kwa bega, kila mtu aliona. TIME walishutumiwa kwa ubaguzi, kwa haki kabisa kwa maoni yangu, kwa sababu kivuli kile kilikuwa kimetoa hukumu kabla ya mahakama.

Kwenu jaribu hilo litakuja kwa sura ndogo: kuongeza wekundu wa asali, kumwondoa mzee makunyanzi, kujaza sega ambalo halikujaa. Mfugaji anajua sega lililojaa linavyoonekana. Mkimdanganya kwenye jalada, hatawaamini kwenye makala ya magonjwa ya nyuki, na hapo mtakuwa mmepoteza kitu ambacho usanifu hauwezi kukirudisha.

Kama ningekuwa mezani kwenu leo, ningefanya hivi. Viongozi 11 waende ukurasa wa nne, na picha kubwa wapewe, wanaistahili. Mtafuteni mwanachama mmoja, mtu wa kawaida anayejulikana kwa kazi yake, mkampige picha asubuhi wakati mwanga bado umelala. Akiwa ameshika sega kwa mikono miwili usawa wa kifua, nyuki wakiwa juu yake, wavu umeinuliwa ili macho yaonekane. Msogelee mpaka fremu ikate juu ya kofia na chini ya sega. Mwambieni asitabasamu kwa ajili ya kamera. Atazame tu kama anavyomtazama mwenzake aliyekuja kumuuliza jambo. Jina juu, jeusi, limekamilika. Kushoto, chini ya jina, "Nyuki wako wanahama? Wazuie." Chini yake vichwa viwili vidogo, basi.

Kisha chapisha, bandika ukutani kati ya majarida mengine manne, na ukasimame hatua sita nyuma. Mwite mtu ambaye hajaliona, mwambie apite bila kusimama, halafu umuulize ameona nini. Asikueleze kama ni zuri. Akisema "mtu na nyuki zake", peleka kiwandani. Akisema "sijui, jarida fulani", rudi kwenye picha kwanza, maneno uyaache yalivyo.